Jumamosi Warsini Alipomzika Ki Gondo

Watu wa Klaten, mji wetu mdogo, hawarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyekwenda mji wa Solo kung'oa jino atarudi na shavu limevimba, lakini mkononi ana mfuko wa karanga za kuwagawia majirani. Warsini hakuwa mtu wa safari. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hatoki kwenye kibanda chake cha kutoa nakala, mkabala na shule, ila kwenda sokoni na msikitini. Safari zake zilikuwa za mtandaoni, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake, aliona haya kurudi bila kitu. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi alituma kwenye kundi la simu la mtaa ujumbe mmoja mrefu alioupa jina la Zawadi ya Safari. Humo mlikuwa na yote aliyoyaokota wiki nzima huku mashine ikimtemea karatasi.

Siasa zilikuwemo: diwani wa mji fulani aliyesinzia kikaoni, na hoja ikapita wakati anakoroma. Utamaduni ulikuwemo: wazee wa kisiwa cha mbali wanaosuka mikeka huku wakitukanana kwa mashairi. Mitambo mipya nayo haikukosekana, mradi iwe ya kustaajabisha au ya kutisha. Chini ya kila jambo Warsini aliweka kiungo cha kubonyeza, na juu yake maneno yake mawili matatu yenye pilipili. Tuseme ukweli, wengi hawakubonyeza. Walisoma maneno ya Warsini wakajiona wamekwisha kuizunguka dunia, wakaenda kunywa chai.

Msikilizaji wake mkubwa alikuwa Rubinem, mke wa Ki Gondo. Ki Gondo ni dalang, bingwa wa kuchezesha vikaragosi vya ngozi nyuma ya pazia, na hilo Ki ni heshima ya kazi yake. Rubinem ndiye aliyekuwa akimwimbia tangu wote wawili wana meno kamili. Macho ya Rubinem hayakuweza tena herufi ndogo za simu, kwa hiyo kila Jumamosi alasiri alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda, na Warsini akamsomea. Mwaka uliopita moyo wake ulikuwa umemchezea mchezo mbaya, na daktari akamwambia aache chumvi, asipande ngazi, asishtuliwe. Chumvi aliacha. Ngazi nyumbani kwake hakuna. Ulibaki mshtuko, na kazi ya kumkinga nao mtaa mzima uliichukua.

Wiki moja kabla ya haya ninayoyasimulia, Warsini alimsomea habari ya mtambo unaowafanya wafu waongee.

"Wanachukua picha za marehemu na sauti yake, Mbakyu," alisema. Mbakyu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa, hata asiye wa tumbo moja. "Wanaipa mashine. Basi anatokea kwenye simu, midomo inacheza, anaongea na wajukuu zake."

"Anaongea nini?"

"Chochote utakacho."

"Basi si yeye," Rubinem alisema. "Gondo hajapata kusema nitakacho hata siku moja."

Wakacheka. Kisha Rubinem akawa anaukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake ya batiki. "Usiniletee tena za namna hiyo, Ni," alisema, akilikata jina la Warsini kama wote waliomzoea. " Siku nikifanyiwa mimi nitajuaje?"

Warsini aliahidi kutoleta tena, akaisahau ahadi ile kama tunavyosahau ahadi za kibandani.

Alhamisi ya wiki iliyofuata aliliona gari likimtoa Ki Gondo kwake, kafunikwa shuka mpaka kidevuni, mkewe pembeni. Hakuuliza. Alipiga dua tu, akaendelea na kazi. Jumamosi alfajiri, alipokuwa anaipanga Zawadi yake, akakuta ukurasa wenye kichwa cha habari: Bingwa wa Vivuli Aaga Dunia. Chini yake palikuwa na picha ya Ki Gondo mwenyewe, na kilemba chake cha hudhurungi, na lile jicho moja lililozoea kufinya.

Hakusoma zaidi. Laiti angesoma, angekuta chini kabisa jina la dalang mwingine, mtu wa mbali upande wa mashariki, Mungu amrehemu, ambaye Klaten hakuijua. Ukurasa ule, ilikuja kujulikana, uliandikwa na mashine, na mashine hiyo hiyo ndiyo iliyozoa picha ya kwanza iliyokutana nayo ya mzee mwenye kilemba.

Utauliza: nyumba ya Ki Gondo iko vichochoro viwili kutoka kibandani, kwa nini asiende kuuliza? Ndiyo hapo. Utabishaje hodi kwa watu ukauliza kama mwenye nyumba kafa? Kama kafa, umewatonesha kidonda. Kama hajafa, umemwapiza. Sisi watu wa Klaten ni afadhali tumtandikie matanga mtu aliye hai kuliko kumuuliza swali kama hilo. Warsini hakuwa na ujinga wowote kuzidi sisi wengine. Aliiweka ile habari juu kabisa ya Zawadi, akaandika kwamba mtaa umeondokewa na nguzo, akatia dua, akatuma.

Kundi lilijaa Inna lillahi moja juu ya nyingine, mpaka simu yake ikawa inatetemeka mezani bila kupumzika. Hakuna aliyebonyeza kiungo. Nani atabonyeza, na Warsini amekwisha sema? Waliupeleka ujumbe kwenye makundi mengine, ya wapiga gamelan, zile ngoma na matoazi ya kwetu, ya wastaafu, ya kamati ya uchaguzi. Wanaume walikwenda kutoa viti na turubai kwenye ghala la mtaa. Bu Tumini, jirani yake, akaja kugonga na sufuria kichwani; Bu kwetu ni mama, kama Pak alivyo baba.

"Twende tukapike, Ni. Kazi haitungoji."

Walipofika, turubai lilikuwa limekwisha simama upande mmoja, na kijibendera cheupe cha msiba kimechomekwa mdomoni mwa kichochoro. Viti vilikuwa vinapangwa kimya kimya, kwa heshima. Ndipo mlango ukafunguliwa akatoka Ki Gondo, amevaa sarongi, kitambaa cheupe kimefunika jicho moja, kizimba cha ndege wake mkononi. Akasimama. Akawatazama watu, turubai, masufuria.

"Nani kafa?" aliuliza.

Mtu mmoja alianza kukunja kiti alichokuwa ametoka kukikunjua. Mwingine akatazama viatu vyake kama aliyeviona leo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kumtazama Warsini, na Warsini akahisi ardhi imekataa kumbeba. Ilikuwa jicho, kumbe. Alhamisi walikuwa wamempeleka kutolewa mtoto wa jicho.

"Nimekosea, Pak," alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Nimekosea mno. Mbakyu yuko ndani?"

"Yuko Boyolali, harusini, anaimba. Kaondoka asubuhi na kina Ngadimin." Mzee akaweka kizimba chini taratibu. Alikuwa ameanza kuelewa. "Warsini. Umetuma wapi?"

Ngadimin ni mpiga ngoma wa kundi lao, na jina lake lilikuwa kwenye makundi yote. Warsini alitafuta namba yake, akaikosa, akaipata. Simu iliita sana.

"Pak Ngadimin, mko wapi?"

"Tuko njiani, Bu, tunarudi." Nyuma yake palisikika muungurumo wa gari, na watu waliokuwa wamenyamaza. "Tumeahirisha. Mzee hajisikii vizuri kidogo, basi tukaona turudi tu mapema."

Warsini alifumba macho. Alizijua sentensi zile. Kwetu mtu haambiwi barabarani kwamba amefiwa. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo, baba kaanguka kidogo, mtoto ana homa kidogo. Kila anayeambiwa kidogo hujua maana yake.

"Pak, nisikilize. Ni uongo. Yaani ni kosa langu. Ki Gondo yuko hai, yuko mbele yangu hapa, mzima. Mwambie Mbakyu sasa hivi yuko mzima."

Kisha Ngadimin akapaza sauti, ile sauti ya uchangamfu wa kuazima. "Ahaa! Yuko mzima? Alhamdulillahi! Unasikia, Mbakyu? Wanasema Mzee yuko mzima kabisa." Akashusha sauti akanong'ona, "Vizuri, Bu. Tumemwambia hivyo hivyo tangu tulipoondoka. Turubai limekwisha simama?"

"Pak Ngadimin, si igizo!"

"Ndiyo, Bu. Ndiyo. Anashika kifua chake, Bu. Tunaendesha taratibu." Akakata.

Warsini alisimama na simu mkononi. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajapanda gari la msiba.

Alikuwa amewahi kulipanda. Mumewe alipogongwa na lori, yeye alikuwa Solo, na aliyetumwa kumchukua alikuwa Rubinem huyu huyu. Njia nzima Rubinem alimshika mkono akimwambia, "Kaumia mguu kidogo tu, mdogo wangu, mguu tu." Na Warsini aliuchukia ule mguu, akauombea, akaahidi kuukanda kila jioni, huku moyo wake umekwisha jua. Baada ya kisomo cha siku ya saba alimwambia Rubinem bila hasira, "Mbakyu, kufika hakukuniumiza kama ile njia. Mungu akinipa mimi kazi hiyo kwako, sitakufanyia hivyo. Nitakuambia kweli." Rubinem alilia, akasema sawa.

"Nipe hiyo simu," alisema Ki Gondo. "Nitaongea naye mwenyewe, anione uso."

Wakapiga ya video. Ngadimin alipouona uso wa mzee nusura aitupe simu dirishani, na wenziwe wakasikika wakimtaja Mungu. Sasa angalau wale waliamini. Wakamwelekezea Rubinem. Alikuwa kajiegemeza kwenye kiti, wanja wa harusi umemchuruzika mashavuni, kifua kinapanda na kushuka kwa kasi.

"Bu," mzee alisema, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kinywani mwake, "usiogope. Mimi niko salama. Rudi tu pole pole, mama."

Rubinem aliutazama ule uso kwa muda. Jicho moja halikuwepo, limefunikwa. Sauti ilikuwa tamu. Akaigeuza simu, uso chini, akailaza mapajani.

"Warsini alinisomea," walimsikia akisema. "Siku hizi wanaweza."

Picha ikawa giza. Ki Gondo aliendelea kuishika simu mbele yake, mdomo wazi. Bu Tumini akaanza kulia, kilio cha kweli cha msibani, kwa kuwa alikwisha jiandaa nacho.

Mambo hayakuishia hapo. Lilitokea gari dogo la mizigo, limebeba bango la maua la kutoa pole, refu kuliko mlango wa nyumba. Lilitoka kwa mgombea mmoja wa ukuu wa wilaya. Sura yake ilikuwa kubwa, anatabasamu, mikono imeunganishwa kifuani. Jina la Ki Gondo liliandikwa chini, pembeni, dogo la kutafutwa. Vijana wawili wenye fulana za kampeni wakalishusha na kulisimamisha pale pale mdomoni mwa kichochoro, ambapo lazima gari la Rubinem lipite.

"Liondoeni," Warsini aliwaambia. "Nawaombeni, hakuna aliyekufa."

"Tumeagizwa tupige picha na familia ya marehemu, Bu."

"Marehemu ndiye yule pale, ana kizimba cha ndege."

Kijana alitazama, akatazama simu yake, akawa hajui la kufanya. "Basi labda tupige naye mwenyewe," alisema.

Watu wengine walikuwa wanakimbia kuangusha turubai. Kijibendera kiling'olewa, kikatiwa mfukoni. Viti viliingizwa kwa jirani kupitia dirishani. Lakini kuviondoa vyote kulikuwa na maana gani kama moyo wa Rubinem utapasuka kabla ya kufika? Warsini aliona wazi kwamba akifa mwanamke yule leo, amekufa kwa mkono wake, na hakuna Inna lillahi itakayomwosha. Akapiga tena kwa Ngadimin.

"Mwekee sikioni. Usiseme neno, wewe mwekee tu."

Alisikia pumzi, fupi fupi, za mtu aliyekimbia.

"Mbakyu, ni Warsini. Unaikumbuka njia ya Solo?"

Pumzi tu.

"Uliniambia mguu. Nikakuambia kazi hiyo ikiwa yangu nitakuambia kweli. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia." Ilikuwa sauti nyembamba sana.

"Basi leo ni kazi yangu. Kama angekuwa amekufa, ningekuambia Gondo amekufa, Mbakyu, na ningelia na wewe hapa hapa kwenye simu. Hajakufa. Nimeona picha yake kwenye ukurasa wa kipumbavu, nikaandika, nikatuma bila kuja kuuliza. Mimi ndiye niliyemuua, kwa kidole hiki. Yeye yuko hai."

Warsini alisikia gari likibadilisha gia.

"Anafanya nini sasa?" Rubinem aliuliza mwisho.

Warsini aligeuka. "Anagombana na vijana wa kampeni. Anasema msiba ni wake, kwa nini sura iwe ya mtu mwingine. Anasema kama ni kufa atakufa na bango la maana. Sasa amevua kandambili, anataka kuwapiga nayo."

Zikapita pumzi mbili ndefu. Kisha kitu kama kicheko, kilichovunjika katikati kikawa kilio, kilio kikubwa cha mwimbaji, na Ngadimin akasikika akisema, "Analia vizuri, Bu, analia vizuri."

"Huyo ndiye," Rubinem alisema. "Mwambie avae kandambili zake, ardhi ina unyevu."

Gari lilipofika, bango lilikuwa limelazwa kifudifudi mtaroni, na Ki Gondo amesimama juu yake kama jogoo. Rubinem alishuka akiwa ameshikwa huku na huku. Hakumkumbatia mumewe mbele za watu, hilo kwetu halifanywi. Alimgusa sikio, akalivuta kidogo, kama anayepima nguo dukani. Mzee akalalamika kwamba anaumizwa. Kisha Rubinem akamwendea Warsini, aliyekuwa amejibanza nyuma ya Bu Tumini akitamani masufuria yamfunike.

"Mbakyu, naacha," Warsini alisema. "Situmi tena kitu. Leo naifuta Zawadi yote."

"Ukiacha nitasikiliza nini Jumamosi?" Rubinem alimshika kiganja. "Sikia. Gondo amezeeka. Siku yake ikiwa ya kweli, uje wewe. Usimwachie Ngadimin. Usiniletee habari ya kidogo."

Warsini aliitikia.

Hakuacha. Lakini furaha ya zamani ya kuokota vya watu mtandaoni ilimtoka ikarudi nusu. Alibonyeza kila kiungo, akasoma mpaka mstari wa mwisho, akasoma na majina ya waandishi. Na kabla ya kutuma, kila Jumamosi asubuhi, alipita kwa Ki Gondo. Hakubisha hodi wala hakuuliza. Alipita tu njiani kama mwenye haja zake. Mzee alikuwa amekaa barazani na ndege wake, na alijua kabisa anachotafutiwa, kwa hiyo aliinua kikombe cha chai juu kidogo. "Bado," alisema. Ndipo Warsini alirudi kibandani akatuma. Siku kiti kilipokuwa kitupu, alijifanya anatafuta sarafu iliyomdondoka mpaka asikie mtu anakohoa ndani.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Jumamosi moja Zawadi haikutumwa. Watu walingoja, wakatazama simu zao, wakaulizana kama mtandao umekatika. Hakuna aliyekwenda kuuliza, tunajuana.

Ki Gondo alikuwa ameanguka asubuhi ile kwenye ukumbi alikokuwa anafundisha watoto kushika vikaragosi, na hakuinuka. Rubinem alikuwa sokoni. Ngadimin ndiye aliyekimbilia kibandani, amelowa, hana pumzi, akasimama mlangoni bila kufungua kinywa. Warsini alimtazama usoni, akazima mashine.

Alimkuta Rubinem kwenye kibanda cha mboga, anachagua pilipili. Watu walikuwa wamejaa, mvua inapiga juu ya mabati. Alimshika mikono yote miwili.

"Mbakyu," alisema, "Gondo amekufa."

Rubinem alimtazama. Hakuuliza mara ya pili. Alizirudisha pilipili moja moja kwenye ungo wa muuzaji, akafunga mfuko wake.

"Asante, mdogo wangu," alisema. "Twende nyumbani."

Wakatoka wakiwa wameshikana, na njia nzima hakuna aliyemdanganya.